Moto wa Gramu 14

Mwenye duka la nafaka mjini Nanyuki aliniazima mzani wake wa sukari, nami nikapima juu yake jiko langu lote. Jiko lenyewe, la bati, linakunjika likawa dogo kama pakiti ya sigara. Lilikuwa na gramu 90. Vidonge vyake 24, kila kimoja gramu 14, vikafika gramu 336. Sufuria ya alumini ya lita moja na kifuniko chake, gramu 150. Jumla gramu 576. Mkate wa kawaida madukani Kenya una gramu 400. Kwa hiyo jiko, kuni na chungu cha watu wawili kwa siku tano mlimani havikuzidi mkate mmoja na nusu.

Mwenye duka alikichukua kidonge kimoja, akakinusa, akakigeuza kama mtu anayekagua chumvi ya mawe. "Na hiki kitachemsha chai?" akauliza. Nikamwambia kitachemsha vikombe viwili kisha kitakwisha, hakitaacha jivu wala kaa. Akanirudishia, akasema nipite dukani nikishuka nimweleze.

Nilikuwa nakwenda kufuata nyayo za wafungwa watatu.

Usiku wa Januari 24, 1943, Waitaliano watatu walitoka katika Kambi namba 354 ya wafungwa wa vita hapa Nanyuki. Felice Benuzzi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Italia huko Ethiopia, akatekwa Waingereza walipoitwaa nchi hiyo mwaka 1941. Giovanni Balletto alikuwa daktari na mpanda milima. Vincenzo Barsotti hakuwahi kupanda mlima wowote wa maana, na afya yake haikuwa nzuri, lakini alitaka kwenda. Walitoka kwa mlango wa bustani ya mboga, kwa ufunguo waliouchonga wenyewe baada ya kuiba alama ya ule wa askari. Hawakuwa wakikimbilia nyumbani, maana nyumbani kulikuwa mbali na bahari zote zilikuwa za adui. Walitaka kupanda Mlima Kenya, ambao Benuzzi alikuwa akiutazama kila siku kupitia nyaya za miiba, kisha warudi kambini wajisalimishe.

Kila kitu walikitengeneza kwa mikono yao. Mashoka ya barafu yalitokana na nyundo za kuibwa. Njumu za kukanyagia barafu zilitokana na vyuma chakavu. Kamba zilikuwa za katani, zilizofumuliwa kutoka kwenye nyavu za vitanda vya kambini. Ramani hawakuwa nayo. Waliyokuwa nayo ni picha ya mlima iliyochapwa kwenye lebo ya kopo la nyama, nayo ilionyesha upande wa kusini wakati wao walikuwa wanaukabili kutoka magharibi. Chakula walikidunduliza kwa miezi, kipande kwa kipande, kutoka kwenye mgao wao. Yote hayo waliyabeba mgongoni wenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu mlima huu una historia nyingine ya kubeba.

Mtu wa kwanza anayejulikana kufika kilele cha Batian, chenye mita 5,199, ni Mwingereza Halford Mackinder, Septemba 13, 1899, akiwa na viongozi wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Vitabu vingi vinakomea hapo. Msafara wenyewe ulikuwa na watu 170: Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai wawili wa kuonyesha njia. Watu 170 ili watatu wasimame juu ya jiwe. Na katika orodha ya wapagazi iliyosalia kwenye karatasi za Mackinder, mbele ya majina manane ya Waswahili imeandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Watu wa pwani waliotoka makwao kubeba mahema, masanduku na vyakula vya wengine hawakurudi, na hakuna jiwe lolote mlimani lenye majina yao. Kambi iliyo mita 4,200 inaitwa Mackinder.

Basi ninaposoma vitabu vya siku hizi kuhusu kusafiri na mzigo mwepesi, ambamo watu huko Ulaya na Marekani hukata mpini wa mswaki ili wapunguze gramu tano, siwacheki. Wapo wanaoona ni ushamba wa matajiri. Mimi naona ni swali la zamani kabisa la njia zetu: mzigo huu ataubeba nani? Nikiweza kuupunguza hadi mgongo wangu ukautosha, nimekwisha kulijibu.

Jiko ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa moto ndio hula uzito. Jiko la mafuta ya taa la kupampu, pamoja na chupa ya mafuta ya siku tano, halipungui kilo moja na nusu. Mtungi mdogo kabisa wa gesi ya kupandia milima una gesi gramu 100 hivi, lakini ukiupima mzima unakuta karibu gramu 200, maana nusu ya uzito ni chuma, na chuma hicho utakipandisha kikiwa kimejaa na kukishusha kikiwa kitupu. Kidonge hakina chombo. Kila kikiwaka, shanta inapungua gramu 14 kamili.

Asili ya kidonge hiki ni ndefu kuliko nilivyodhani. Kemikali yake, heksamini, iligunduliwa mwaka 1859 na mkemia Mrusi, Aleksandr Butlerov. Huundwa kwa kuchanganya amonia na fomalini, gesi moja ya kuwasha macho na maji ya kuhifadhia maiti, na kinachotoka ni chembechembe nyeupe kama sukari. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari waliianza kuwapa wagonjwa wa njia ya mkojo, na hadi leo yapo mahospitali yanayoitumia. Mwaka 1936 Mjerumani Erich Schumm aliishindilia ikawa kidonge cha kuwasha moto, akakiita Esbit, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kijerumani yenye maana ya mafuta ya Erich Schumm yaliyo katika vidonge. Jiko dogo la kukunja likafuata, na vita vilipozuka miaka mitatu baadaye lilikuwa limekwisha kuingia mifukoni mwa askari wa Ujerumani. Waingereza nao walikuwa na la kwao. Askari walioteremka Normandy Juni 1944 walikuwa na vidonge vya heksamini ndani ya mgao wao wa saa 24. Kiwandani, heksamini hiyohiyo ilikuwa inageuzwa kuwa RDX, baruti kali iliyojaza mabomu ya vita vile. Dawa, moto wa chai na bomu, vyote kutoka gunia moja.

Kwa nini askari walikipenda? Kwa sababu hakina moshi. Wahenga wetu wamesema panapofuka moshi hapakosi moto, na mwenye bunduki aliye ng'ambo ya bonde anaijua methali hiyo vizuri sana. Moto usiofuka moshi ulikuwa uhai.

Mzee aliyeniongoza analijua jambo hili bila kusoma kokote. Ana miaka 60 na kitu, ameongoza watu mlimani tangu ujana, na kwa heshima ya kazi niliyoifanya zamani aliniita mwalimu tangu dakika ya kwanza hadi tulipoagana. Tulianza safari asubuhi kwa njia ya Burguret, magharibi ya mlima. Waitaliano waliufuata zaidi Mto Nanyuki, ulio kaskazini kidogo, lakini msitu ni uleule, mwinuko ni uleule, na Burguret ndiyo njia iliyobaki wazi ambayo mtu anaweza kuonja walichokipitia. Wapandaji wengi hawaipiti. Hupita Sirimon au Naro Moru, ambako njia ni pana na vibanda vipo. Huku mwanzi umefunga pande zote mbili, ardhi imelowa, na kinyesi cha tembo kilikuwa bado kinafuka mvuke katikati ya njia.

Mzee alikitazama, akapiga kofi mara mbili kubwa, akasubiri. Akapiga tena. "Tunabisha hodi," akasema.

Tulilala usiku wa kwanza ndani ya mianzi, karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Giza lilipoanza kushuka nilitoa jiko, nikalifungua, nikaweka kidonge katikati, nikawasha kibiriti. Hakikushika. Nikawasha cha pili, cha tatu. Ukingo wa kidonge ulikuwa umelainika na kuwa kama chaki iliyolowa. Nilikuwa nimekitoa kwenye karatasi yake mapema nikakitia mfuko wa nje wa shanta, nikisahau kwamba heksamini huyeyuka katika maji kama chumvi na hewa ya mianzi ni maji matupu. Kidonge hicho nilikifunga kwenye mfuko wa taka. Cha pili, kilichokuwa bado kimezibwa, kilishika kwa njiti moja.

Mwali wake ni mdogo na wa buluu, na wakati wa mchana huuoni kabisa, unaona tu hewa ikitetemeka juu yake. Haurukiruki. Unasikia tu mchirizo mwembamba, kisha baada ya dakika tatu nne sufuria inaanza kuimba. Harufu ipo: ni ya samaki. Mtu wa bara huenda ikamchukiza, lakini mimi niliyelelewa Pwani ilinikumbusha ng'onda akianikwa juani mbali kidogo na nyumba. Nilizungushia karatasi nene ya alumini kuzuia upepo, nikafunika sufuria, na dakika ya tisa nusu lita ya maji ikachemka. Kidonge kikaendelea dakika tatu nyingine, kikazimika chenyewe. Chini ya sufuria kulikuwa na utando wa kahawia unaonata, ambao hautoki kwa maji baridi na utachafua kila kitu shantani usipofungiwa mfukoni.

Mzee alikuwa amechuchumaa akitazama. Nilipommiminia chai alikunywa kwanza, ndipo akasema, "Wazee wetu wangekuwa na hiki."

Akaanza kunisimulia. Baba yake alikuwa msituni humu wakati wa Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952, na mwaka uliofuata ndege zikaanza kudondosha mabomu kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Moshi ndio uliozielekeza ndege. Kwa hiyo, alivyosimuliwa na baba yake, chakula kilipikwa usiku au kabla ya alfajiri, kwa vijiti vikavu vilivyochaguliwa kimoja kimoja, na asubuhi majivu yalizikwa na majani kurudishwa juu yake. Mwanzi mzima haukutiwa motoni kamwe. Pingili zake zimefunga hewa ndani, na zikipata moto hupasuka kwa mshindo kama wa bunduki, kwa hiyo ilibidi upasuliwe kwanza kwa panga, na panga nalo lina sauti yake. Siku nyingine hapakupikwa kabisa, watu wakala asali na walichokuwa nacho kikiwa kibichi.

Nilimkumbuka Waruhiu Itote. Yeye aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1942, akapelekwa Burma kuwapigania Waingereza dhidi ya Wajapani, akajifunza kuishi na kupigana ndani ya msitu mnene. Miaka kumi baadaye, kwa jina la Jenerali China, alikuwa akiongoza wapiganaji katika mlima huu huu, dhidi ya walewale waliomfunza, hadi alipokamatwa Januari 1954. Katika miaka 12 hivi, basi, msitu huu ulipitiwa na wafungwa wa Kitaliano waliowakwepa Waingereza, na baada yao wenyeji wa nchi waliowakwepa Waingereza haohao. Wa kwanza wana kitabu kinachosomwa duniani kote. Wa pili, wengi wao, majina yao yamebaki vinywani mwa watoto kama huyu mzee, naye sasa ni mtu mzima mwenye mvi.

Siku ya pili tulitoka kwenye mianzi tukaingia kwenye miti yenye ndevu za kuvumwani, kisha miti ikaisha kabisa na nyasi za vishungi zikaanza. Huko kuna matope ya kila hatua. Alasiri tulifika Highland Castle, majabali marefu yaliyosimama kama ngome, mita 3,700. Mvua ya mawe ilitukuta tukikaribia, tukakimbilia chini ya jabali lililojitokeza mbele kama paa.

Baridi ilikuwa kali na vidole vyangu havikuweza kufungua zipu. Nilitaka kulisimamisha hema haraka, niingize jiko ndani, nipike huku nimejifunika. Najua vizuri kwa nini mtu hafanyi hivyo, na bado nilitaka, kwa sababu baridi hupunguza akili. Heksamini inapoungua hutoa gesi zenye sumu, ikiwamo sianidi ya hidrojeni na fomaldehidi. Kidogo sana katika hewa wazi, lakini hema ni mfuko. Mzee hakuijua kemia hiyo. Alisema tu, "Mwalimu, moto na hema havikai nyumba moja," akachukua jiko mkononi mwangu, akaliweka juu ya jiwe bapa ukingoni mwa paa la jabali, hatua nne kutoka tulipokaa. Nililipanga pale, nikarudi, nikasubiri.

Safari hii kidonge kimoja hakikutosha, na hesabu yake si ngumu. Gramu moja ya heksamini ina kilojuli 30 hivi, kwa hiyo kidonge kizima kina 420. Kuchemsha nusu lita ya maji ya mto wenye barafu kunahitaji kilojuli 170 na kidogo. Kwenye karatasi kinabaki cha ziada. Katika upepo wa Highland Castle zaidi ya nusu ya joto iliondoka bila kuigusa sufuria, nami nikalazimika kusogeza cha pili pembeni kikashika kutoka kwa mwenzake. Tulipika tambi, tukatia maziwa ya unga na sukari, tukala kwa kupokezana sufuria. Maharagwe au githeri usithubutu. Vinataka saa nzima na jiko hili linakupa dakika 12 kwa kidonge. Isitoshe, kadiri unavyopanda maji huchemka kabla hayajawa na moto wa kutosha: pale yalichemka kwenye nyuzi 87 hivi, na kwenye kilele cha Lenana huchemka kwenye 83. Mchele utatokota mpaka uchoke na katikati utabaki jiwe.

Kulipopambazuka sakitu ilikuwa imefunika kila unyasi. Mzee alinyoosha mkono kuelekea mteremko wa kaskazini akanionyesha mahali ambapo vichaka vilikuwa vifupi kuliko vya jirani, vyote vya umri mmoja. Kuliungua. Machi 2012 moto mkubwa ulipita katika nyanda hizi za juu za Mlima Kenya, ukala mahektari kwa mahektari ya vichaka, na yeye alikuwa miongoni mwa waliopanda na matawi mabichi kwenda kuupiga. Katika baridi hii mmea hukua kwa mwendo wa kobe. Nilimuuliza moto ulianzaje. Akasema moto hauachi barua.

Wa Kilimanjaro uliacha fununu. Oktoba 11, 2020 moto ulizuka eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, ukawaka siku nyingi, wanafunzi na wanakijiji wakapanda kusaidia kuuzima. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, walisema taarifa za awali zilionyesha kwamba ulianza wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Nilisoma habari ile nikaumia mara mbili: kwa ajili ya mlima, na kwa ajili ya wapagazi. Wao ndio hubeba mahema, viti, meza na trei za mayai ya mgeni. Wao ndio huamka kabla yake. Na mlima ukiungua, jina lao ndilo hutajwa kwanza. Ni nadra mtu kuuliza walipewa jiko gani.

Siku ya tatu tulivuka kwenye mawe, kati ya lobelia na ile miti minene ya mlimani inayofanana na kabichi zilizopanda juu ya vigingi, hadi Hut Tarn, kidimbwi kilicho karibu mita 4,500. Batian na Nelion zilikuwa juu yetu, na mawingu yakipita katikati yake kama moshi. Majina hayo ni ya malaibon, viongozi wa kiroho wa Kimasai: Mbatian na ndugu yake, na Lenana ni la mwanawe. Nilitumia kidonge kimoja hapo kuchemsha chai ya tangawizi. Pimbi mmoja alikuja mpaka karibu na jiko, akanusa harufu ile ya samaki, akaondoka.

Ni katika majabali ya upande huo, kaskazini-magharibi mwa Batian, Benuzzi na Balletto walijaribu kupanda Februari 4, 1943. Barsotti alikuwa amebaki kwenye kambi yao ya mlimani, mgonjwa. Walifika karibu mita 5,000 juu ya ukingo wa mwamba, dhoruba ikawapiga, wakashuka wakiwa nusu wafu. Siku mbili baadaye walipanda Lenana wakasimamisha bendera ya Italia na kuacha chupa yenye majina yao. Chakula kilikuwa kimekwisha. Njia ya kurudi waliishuka na njaa, wakafika Nanyuki Februari 10, siku ya 18 tangu watoke, wakajipenyeza kambini na kujisalimisha. Adhabu ilikuwa siku 28 za kifungo cha peke yao. Mkuu wa kambi, Mwingereza, aliwatoa baada ya siku saba, kwa kuuheshimu ujasiri wao.

Nimeifikiria sana huruma hiyo. Miaka kumi baadaye, kijana wa Kikuyu aliyekutwa katika msitu uleule bila kibali hakuhesabiwa siku saba.

Tulilala kambi ya Mackinder, tukaamka saa nane na nusu ya usiku. Vidonge viwili, chai yenye sukari nyingi, kipande cha mkate mkavu, kisha kokoto na giza na pumzi fupi. Jua lilitukuta juu ya Lenana, mita 4,985. Usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, nchi ilipokuwa inapata uhuru, mpanda milima Kisoi Munyao aliisimika bendera ya Kenya kwenye mlima huu. Mzee alivua kofia yake kwa muda, akaivaa tena, akasema tushuke kabla theluji haijalainika.

Atakayetaka kuijaribu safari ya namna hii ayajue mambo machache. Vidonge vya heksamini havipandi ndege, si katika mzigo wa mkononi wala wa chini, kwa kuwa ni vitu vinavyoshika moto. Vitafute hukohuko unapokwenda. Mimi vyangu nilivipata kwa mtu mmoja anayeuza mabaki ya vifaa vya kijeshi. Uingereza, tangu Oktoba 2023, raia wa kawaida haruhusiwi kuvinunua bila leseni, kwa sababu ya ule undugu wake na baruti, na jeshi lao lenyewe limehamia kwenye mafuta magumu ya ethanoli. Ukivikosa, jeli ya spiriti ambayo mahoteli huwekea chini ya vyakula inauzwa Nairobi, Arusha na Moshi. Ni nzito zaidi na joto lake ni dogo, lakini haina sumu ya kiasi kile. Vidonge viweke mbali na watoto na mbali na chakula, maana vinafanana na peremende. Kunawa mikono ni lazima. Na upande na kiongozi wa mahali, umlipe vizuri, umpe chakula kilekile unachokula wewe.

Usiku wa nne tulilala Met Station, mita 3,050, katika njia ya Naro Moru. Nyuma yetu hatukuacha alama: kabla ya kuondoka Highland Castle nilikuwa nimelikagua lile jiwe bapa. Palikuwa na doa moja la kahawia, upana wa sarafu ya shilingi ishirini. Nililikwangua kwa kijiti, nikalifuta kwa nyasi mbichi, na nyasi hizo nikazitia kwenye mfuko wa taka.

Siku ya tano tulitoka kwa lango la Naro Moru. Askari wa hifadhi aliufungua mfuko wetu wa taka, akauliza mitungi ya gesi iko wapi, nikamwonyesha jiko. Hesabu ya vidonge ilikuwa hivi: 12 vya jioni nne, 8 vya asubuhi nne, kimoja cha Hut Tarn, na kimoja kilicholoa mianzini. Viwili vilivyobaki, gramu 28, nilipitia Nanyuki nikamwachia mwenye duka la nafaka, nikamchemshia chai nyuma ya duka lake, kwenye uwanja wazi.